Mwimbaji asiyepiga chombo ni fundi wa muziki?

Swali: Jambo sana, mwalimu. Hapa Katuba, Lubumbashi, tunabishana kila jioni. Mkubwa wangu anasema kati ya nyota wa rumba ya Kongo, Franco ndiye mwanamuziki kwa sababu alishika gitaa, lakini Tabu Ley ni mwimbaji tu. Mtu asiyepiga chombo tumhesabu fundi? Na tumpimeje?

Jibu: Jambo, mdogo wangu. Sauti ni chombo, tena kigumu. Kwenye gitaa, nyuzi zikiwa zimekazwa sawasawa, vyuma vya shingoni vinakuonyesha noti ilipo. Mwimbaji hana cha kushika. Noti anaitafuta kwa sikio na kuishikilia kwa pumzi. Mwambie mkubwa wako hivi: mwaka 1963 Dr. Nico, ambaye sisi wapiga gitaa tunamheshimu kupita kiasi, alitoka bendi ya African Jazz pamoja na Tabu Ley wakaanzisha African Fiesta. Mpigaji wa kiwango kile hakufunga safari na sauti ya kubahatisha.

Kuhusu kupima, msitumie rekodi za studio za siku hizi. Auto-Tune, programu ya kompyuta ya kunyoosha sauti, ilitoka mwaka 1997, na tangu hapo noti iliyopotoka inaweza kuvutwa hadi mahali pake. Tafuteni video ya tamasha ambamo mtu anaimba kweli, si kufungua mdomo juu ya rekodi. Sikilizeni pale ngoma na besi zinaponyamaza, sauti ikabaki peke yake. Vyombo vikirudi, vinamkuta palepale alipoachwa? Kama ameshuka, mgongano utausikia mara moja. Sikilizeni pia miisho ya mistari, maana pumzi ikipungua noti hulegea, na hapo huanguka hata wenye majina makubwa sana.

Ila mkitaka aliyekuwa na vyote viwili, msikimbilie Kinshasa. Jean-Bosco Mwenda alizaliwa Bunkeya, hukuhuku kwetu Katanga, na mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti aliyerekodi muziki wa Afrika, alimrekodi Jadotville, ndiyo Likasi ya leo: mtu mmoja, gitaa moja lisilo na umeme. Mkono wa kulia ulifanya kazi kwa dole gumba na kidole cha shahada. Gumba lilitembeza besi, shahada ikapiga wimbo juu yake, na katika nyimbo zake za Kiswahili sauti ilipita katikati bila kukwama. Nimefundisha gitaa miaka mingi, na wanafunzi wangu huchukua miezi kuvitenganisha vidole hivyo viwili tu, kabla hata ya kufungua mdomo. Inaniuma kuona vijana wa Lubumbashi wanawataja nyota wote wakamsahau huyu.

Kesho jioni, kabla ya kubishana, mkubwa wako apewe noti ya kwanza kwenye gitaa, kisha gitaa linyamaze. Aimbe ubeti mzima anaoupenda, airudie noti ile ya mwanzo, nawe uipige tena hapohapo. Akiwa ameshuka, muwekee rekodi ya Tabu Ley asikilize tena.