Magoti na milima ya Kasulu ukiwa na miaka 63

Mzee mwenzangu, shida yako nimeielewa: unatumia dawa za presha, magoti yanauma kila upandapo kutoka Mwandiga kuelekea Kasulu, na baiskeli hutaki kuiacha. Wala huna haja ya kuiacha.

Kagua kwanza urefu wa kiti. Kalia baiskeli, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu ukibaki umekunjika, kiti kiko chini mno, na hapo ndipo goti huumia upande wa mbele. Kipandishe kidogo kidogo, ujaribu kwanza kwenye tambarare ya Ujiji. Gia nyepesi iweke kabla mlima haujaanza, kwa sababu ukisubiri hadi umeelemewa, mnyororo hugoma na goti ndilo linalolipa. Kushuka kunanitia hofu zaidi kuliko kupanda, hasa masika: bana breki zote mbili na kuachia, usizishikilie mfululizo.

Baadhi ya dawa za presha hupunguza mapigo ya moyo, hivyo usijipime kwa mapigo; ukishindwa kutamka sentensi nzima, punguza mwendo. Muulize daktari wako kabla ya safari ijayo. Kifua kikibana au ukipata kizunguzungu, shuka, usiendelee, upelekwe hospitali mara moja.