Re: Modeli ya maji ya Malagarasi inakosea, ninunue kompyuta kubwa?

Kaka kompyuta haina shida, hela yako tunza. Umesema oksijeni ya modeli inakataa kuendana na uliyopima kila masika pale mto unapoingia Ziwa Tanganyika, sasa modeli yako inachukulia maji yamechanganyika juu mpaka chini, wakati maji ya mto yakija baridi na tope lake yanazama chini ya yale ya ziwa, afu kiangazi upepo wa kusi nao unayavuruga. Weka matabaka ya maji kwenye modeli kwanza, Delft3D, programu ya kuiga mwendo wa maji, inaweza hiyo kazi. Data za mwaka mmoja ziache pembeni uipimie nazo modeli baadae, usizitumie kuirekebishia. Na kupima saa nne asubuhi tu hapana aisee, oksijeni inashuka usiku, omba lifti kwa wavuvi wa dagaa Ilagala upime alfajiri.