Barua kwa mwanangu: uvimbe ulioyeyuka, na uliporudi

Mwanangu, meseji yako nimeisoma. Umeuliza kwa nini dawa iliyoyeyusha kansa mara ya kwanza inagoma kansa ikirudi, na kama hiyo ndo mada ya utafiti wako uichukue au ubaki na malaria kama mwalimu wako anavyotaka. Baba yako anakusalimia, mguu unaendelea vizuri. Mimi nataka kwanza niseme kwa nini ile mara ya kwanza dawa inakubali, maana watu wanadhani hilo liko wazi na wala haliko wazi.

Nimewaambia tangu mko sekondari, dawa haiui kansa, dawa inapeleka taarifa tu, seli ndo inajiua. Saiklofosfamaidi, ile dawa ya kansa ya dripu, inaingia inaharibu DNA, basi, kazi yake imeishia hapo. Yanayofuata ni ya seli yenyewe, p53, protini mlinzi wa seli, inagundua DNA imeharibika, inaamsha protini za kifo, mmojawapo BAX inatoboa mitokondria, vile viwanda vya nguvu vya seli, protini iitwayo saitokromu c inavuja, vimeng'enya viitwavyo kaspesi vinaanza kuikatakata seli kwa ndani na seli jirani zinameza vipande.

Unamkumbuka yule mtoto wa Ukerewe niliyekuwa nawasimulia mezani mpaka dada yako anaacha kula? Taya limevimba, jicho limesukumwa juu, meno ya nyuma yanacheza ukiyagusa na kijiko cha uji. Burkitt, kansa ya seli nyeupe za damu. Ndo hiyo daktari Denis Burkitt aliiandika akiwa Uganda mwaka 1958, na ukanda wetu huu wa ziwa wenye malaria ndo kwake, uvimbe unaweza kujiongeza maradufu ndani ya siku moja au mbili. Tukamtundikia dripu za maji kwanza, maji mengi, na alopurinoli, dawa ya kupunguza asidi ya yuriki, maana seli zikifa kwa mkupuo asidi hiyo inapanda na figo zinafeli, nikakaa usiku kucha napima mkojo wake. Ndo dawa ikaingia. Mwanangu, siku chache tu taya limeshuka, jicho limerudi mahali pake, mtoto anaomba sato! Nilicheka mpaka machozi.

Sababu ni MYC, jeni inayoiamuru seli igawanyike. Kwenye Burkitt jeni hiyo imehama, mara nyingi imeenda kukaa kwenye kromosomu ya 14 jirani na jeni za kingamwili, haizimiki tena. Na MYC hiyohiyo inayoisukuma seli igawanyike ndo inaisogeza karibu na kifo, kwa hiyo taarifa ya dawa ikifika inasikika haraka.

Basi mama yake akaona kapona. Nikamwambia mama, mizunguko ya dawa bado haijaisha, akasema mwanangu si anacheza, shamba linanisubiri, na nauli ya feri ndo hiyohiyo moja. Aliporudi naye uvimbe uko tumboni. Dripu ileile, dawa ileile, na haukupungua. Linaniuma mpaka leo. Dawa inapeleka taarifa, lakini kwenye Burkitt iliyorudi p53 mbovu ni jambo la kawaida, hakuna wa kuipokea, na kuna njia ya PI3K na AKT, protini zinazopokezana taarifa ndani ya seli, inayoiambia seli iendelee kuishi na kuzizuia zile protini za kifo.

Lakini ngoja, nikisema seli ndo inaamua ni kama nasema nauli haikuhusu, na ilihusu sana, mizunguko iliyobaki ilikuwa ya kuzimaliza seli za kansa zilizojificha. Ila tena p53 mbovu inaweza kuwepo tangu siku ya kwanza, hapo hata angebaki wodini... aah, sijui nibishane na nani.

Kuhusu mada sikuchagulii, wewe ni mtu mzima, na malaria nayo imo humohumo kwenye Burkitt. Ila angalia venetoklaksi, dawa nyingine ya kansa, Marekani waliiruhusu mwaka 2016 kwa lukemia ya watu wazima, haihangaiki na DNA kabisa, inaikamata BCL-2, protini iliyokuwa inaizuia BAX, na inafanya kazi hata p53 ikiwa imeharibika. Wameijua njia kwanza ndo dawa ikaja! Nani anaifanya kazi hiyo kwa watoto wa huku ziwani? Basi, nisije nikakuamulia. Muulize mwalimu kama maabara yenu inaweza kupima p53 kwenye vipande vya uvimbe vya watoto waliorudiwa na kansa, akikujibu nipigie saa mbili usiku, baba yako akiwa kwenye taarifa ya habari.