Re: Minyoo wameacha kuzaa kwenye pleti ya RNAi, niandike nimegundua jeni ya uzazi?

Mdogo wangu wa Masasi, usiandike kwanza. Kishimo kimoja cha pleti, mara moja, hapana aisee.

Kwa wale wanaopita tu, RNAi ni njia ya kunyamazisha jeni: kila kishimo kina bakteria wanaotengeneza RNA ya nyuzi mbili inayolingana na jeni moja ya mnyoo. Mnyoo C. elegans akiwala, mwili wake unaanza kukatakata ujumbe wa hiyo jeni, jeni inanyamaza, we unaangalia nini kimeharibika. Wanasayansi Fire na Mello walionyesha kwamba RNA ya nyuzi mbili inanyamazisha jeni mwaka 1998 wakala Nobeli 2006, halafu 2003 watu wa Cambridge wakatoa maktaba ya kloni kama 16,700 hivi, yaani bakteria wa aina hizo zote, kila aina na jeni yake.

Sasa mimi. Pleti yangu ya vishimo 96, herufi A mpaka H, namba 1 mpaka 12, nikaona minyoo wa B3 wanatetemeka kama mtu mwenye homa, nikampigia mama Mikindani usiku usiku mama nimegundua kitu, akauliza kinauzwa bei gani. Kumbe wakati wa kuhamisha bakteria pleti niliizungusha, A1 ikakaa pa H12, kwa hiyo B3 yangu ndo G10, na G10 nilikuwa nimeweka bakteria wa jeni unc-22, kontroli yenyewe ya kulinganishia, ambayo kazi yake ni kutetemesha minyoo basi 😂 Sawa na magunia ghalani yabadilishane lebo, korosho safi kabisa ila hela inaingia kwa jirani.

Kwa hiyo chukua bakteria wa hicho kishimo, otesha upya kwenye ampisilini (dawa inayobakisha wenye plasmidi tu), toa plasmidi, yaani kile kiduara cha DNA kilichobeba kipande cha jeni, ukasome sikwensi, mpangilio wa herufi zake, ujue ni jeni gani kweli. Rudia na L4440 tupu pembeni, yaani plasmidi ileile bila kipande cha jeni, na mwenzio afiche lebo we uhesabu mayai bila kujua. Ikikubali tena tumia kipande kingine cha jeni hiyohiyo, maana RNA inaweza kunyamazisha na jeni inayofanana nayo. Na vishimo visivyoonyesha kitu usivifute, RNAi inapunguza tu, haing'oi, neva ndo sugu kabisa.

Aliyeuliza kama RNAi inafaa kwa malaria: kimelea chake, Plasmodium, hana mitambo ya RNAi, ila kimelea cha malale, Trypanosoma brucei, anayo na wanamfanyia.

Kishimo chako namba ngapi lakini? Hebu angalia pacha wake upande wa pili kuna nini.