Msiniulize kama tufuge mbwa, niulizeni mbwa ni wa nani

Mhariri, kamwene. Swali lenu la wiki hii, "Je, familia yenye watoto wadogo ifuge mbwa?", limenigusa mahali panapouma, kwa hiyo mtanivumilia nikienda mbali kidogo. Na wale watakaotaka kuanza ule utani wao kwamba sisi Wahehe wa Iringa tunakula mbwa, nawaomba wiki hii watuachie. Hili si la kutaniana.

Jibu langu ni hapana. Familia nyingi ninazozifahamu hapa Mafinga zisifuge mbwa. Mbwa si mnyama mbaya, shida ni kwamba wengi wa mbwa wetu hawana mwenyewe. Wana mahali wanapolala, wana jina, wana nyumba inayowatupia ukoko wa ugali, lakini gari la matangazo likipita kusema kesho kuna chanjo, hakuna anayeacha duka lake au shamba lake akamfunga mbwa kamba akampeleka. Babu yangu alifuga mbwa wa kulinda mahindi, nyani na nguruwe pori wasimalize shamba, na kijiji kizima kilijua mbwa wale ni wa nani. Wakila kuku wa mtu, kesi inakuja kwa babu na babu analipa. Huku mjini mbwa ni "yule wa pale kwa akina fulani". Mwingine anapewa jina la kumpiga jirani kijembe, Yana Mwisho au Mtajua Wenyewe, na anayemwita kwa sauti jioni mtaa mzima usikie ndiye atakayekuwa wa kwanza kumkana siku aking'ata.

Nayasema niliyoyaona. Mtaani kwetu palikuwa na kiwanda kidogo cha kupasua mbao. Mlinzi wa pale alikuwa na mbwa wa kahawia, sikio moja limekatika ncha, anaitwa Waseme. Kiwanda kilipohamishwa mlinzi naye aliondoka, mbwa akabaki kwenye marundo ya maranda. Mama lishe wa pale kona alimpa mifupa, sisi tulimpa makombo, watoto walimrushia vipande vya maandazi wakitoka shule. Usiku alibwekea wezi, kila mtu akafaidika. Hakuna aliyewahi kuuliza kama amechanjwa, maana swali hilo huulizwa mwenye mbwa, na mwenye mbwa hakuwepo.

Basi, mwezi wa saba, baridi la kipupwe limeshika, binti wa kaka yangu alitumwa dukani. Alikuwa darasa la pili. Waseme alikuwa amelala kando ya njia na mfupa wake, mtoto akapita karibu mno, labda alitaka kumgusa kama alivyozoea, hatujui. Alimng'ata mkono juu kidogo ya kiwiko. Meno manne yaliingia, mawili yakachana.

Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka kijijini. Ndiye aliyefika kwa mtoto kabla yetu. Hakuuliza mbwa yuko wapi. Alimshika binti, akampeleka moja kwa moja bombani, akaita sabuni. Mtu akaleta kipande cha sabuni ya mche, ile ya bluu. Maji ya Mafinga mwezi wa saba mnayajua, yanakata vidole. Akaosha. Povu likatoka jeupe, likageuka la waridi, likarudi kuwa jeupe, na bado anaosha. Mtoto analia, wifi yangu analia, watu wanasema mama inatosha, mfungeni kitambaa. Jirani mmoja alishafika na mafuta ya taa kwenye kikombe. Mwingine anataka apakwe unga wa pilipili. Wa tatu anasema akatwe mbwa manyoya, yachomwe, jivu lake ndilo dawa. Hakumpa hata mmoja nafasi. Alikuwa akiwasukuma kwa kiwiko bila kuwatazama.

Baadaye mhudumu wa hospitali alitueleza kwamba hivyo ndivyo inavyotakiwa: maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Kirusi cha kichaa cha mbwa huanzia pale kwenye jeraha, kisha hushika mishipa ya fahamu kupanda hadi kwenye ubongo, na sabuni inakiharibu kabla hakijaanza safari. Kikishafika juu na dalili zikaanza, hakuna tiba, karibu kila mtu hufa. Ndiyo maana jeraha la usoni au shingoni linatisha zaidi, na watoto kwa ufupi wao hung'atwa huko mara nyingi. Mama mkwe alianza kuuliza habari hizi kwa kila bwana afya aliyepita kijijini kwao tangu alipokuwa msichana, baada ya kumwona mtu mzima aliyeugua kichaa cha mbwa akiletewa maji kwenye kata, akatetemeka mwili mzima na kuyasukuma. Siku chache baadaye walimzika. Hayo alitusimulia usiku, watoto wamelala.

Wakati anaosha, vijana walikuwa wameshaokota mawe na magongo. Waseme alikuwa amekimbilia kwenye mabanzi nyuma ya kilichokuwa kiwanda. Mama mkwe alipoona wanaelekea huko aliwapigia kelele: "Mkimuua, tutajuaje?" Wengi walidhani anamhurumia mbwa. Alikuwa anamhurumia mtoto. Mbwa ambaye mate yake yameshakuwa na kirusi hamalizi siku 10 bila kuugua au kufa. Akizimaliza akiwa mzima, ina maana siku aliyong'ata hakuambukiza. Ukimponda kwa mawe ukamtupa shimoni umejinyima jibu, isipokuwa kichwa kipelekwe maabara wapime ubongo, na pale mtaani nani angekibeba?

Hatukusubiri siku hizo ziishe ndipo twende hospitali, na mtu yeyote asisubiri. Kituo cha kwanza chanjo ilikuwa imekwisha, tukaelekezwa kwingine. Sindano ya kwanza aliipata jioni hiyohiyo, kisha akapangiwa siku ya 3, siku ya 7 na nyingine zilizofuata. Hazikuwa bure. Kaka aliuza mahindi aliyokuwa ameyaweka akingojea bei ipande.

Jioni mwenyekiti wa mtaa alikuja, akauliza mbele ya watu: mbwa huyu ni wa nani? Ningependa msomaji angekuwepo aone ule ukimya. Mama lishe akasema yeye humpa mifupa tu. Sisi tukasema makombo tu. Mwenye eneo akasema alikuta mbwa yupo. Watu wote tuliokuwa tunalala vizuri kwa sababu Waseme anabweka tulisimama pale na hakuna aliyekuwa na mbwa.

Alifungwa chini ya mparachichi uani kwetu. Mama mkwe aliahirisha safari yake ya kurudi, akawa anamsukumia sahani kwa kijiti cha fagio na kumchunguza: amekula? Amekunywa maji? Sauti imebadilika? Anatoa udenda? Binti alikuwa anaangalia kupitia dirishani, mkono umefungwa bendeji. Mwanzoni hakutaka hata kusikia anabweka. Kisha akaanza kuuliza kila asubuhi, "Bibi, amekula?" Mwishoni alikuwa akimega ugali wake anampa bibi ampelekee. Sikuelewa wakati ule kama aliuliza kwa sababu ya mbwa au kwa sababu alishasikia watu wazima wakisema mbwa akiishi naye ataishi.

Mbwa aliishi. Mwenyekiti akasema basi, afunguliwe. Mama mkwe akakataa, akasema aitwe bwana mifugo kwanza. Bwana mifugo alikuja, akamchoma chanjo, akatoa kadi. Kwenye kadi kuna mstari wa jina la mwenye mbwa. Akauliza, niandike nani? Tukatazamana tena. Mama mkwe akataja jina lake yeye. Wiki ile akaondoka naye kwenye lori lililokuwa linakwenda upande wa kwao, na huko Waseme akawa mbwa wa kulinda mahindi hadi alipozeeka. Hakugeuka malaika. Alifukuza bodaboda, na kuku wa watu aliokula walilipiwa. Lakini kila mwaka alipelekwa chanjo, na aliyempeleka alikuwa yuleyule aliyeandikwa.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kisa hiki kithibitishe ile hapana yangu ya juu. Sasa nikikisoma naona kinanipinga. Sisi kukataa kuwa na mbwa hakukuondoa mbwa mtaani. Waseme alikuwepo tu, tena kwa sababu kila mmoja wetu alikataa. Shirika la Afya Duniani linasema karibu wagonjwa wote wa kichaa, asilimia 99, wameambukizwa na mbwa, na kwamba kati ya watu 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Linasema pia kwamba kuua mbwa wanaozurura hakuukomeshi. Kinachoukomesha ni kuchanja mbwa 7 kati ya kila 10. Na mbwa wa kuchanjwa ni yule mwenye mtu wa kumshika kamba. Kwa hiyo nyumba inayofuga mbwa wake vizuri inawalinda hata watoto wa nyumba zisizofuga. Hilo sikuwa nimeliwaza hivyo kabla ya leo.

Basi nibadilishe: fugeni, lakini pawe na mtu mzima mmoja anayekubali jina lake liandikwe. Asiwe mtoto. Watoto wangu wananiomba mbwa tangu mwaka jana na wananiahidi kwamba watamlisha wao, na nawaamini, kwa mwezi mmoja. Mbwa anaishi miaka 10 na zaidi. Yule wa darasa la nne atakuwa ameshamaliza kidato cha nne na kuondoka, na mbwa bado yupo anasubiri ugali. Ugali mtupu pia hautoshi, changanya dagaa au utumbo, na mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe kabisa, inavunjika vipande vikali vinavyochana tumbo. Mtoto wa mbwa asiondolewe kwa mama yake kabla ya wiki 8. Chanjo ya kichaa anaanza akiwa na miezi 3, halafu kila mwaka. Dawa ya minyoo usiache, hasa penye watoto wanaotambaa uani, kwa sababu mayai ya minyoo ya mbwa hukaa kwenye udongo na watoto hula udongo.

Na asifungwe mnyororo mfupi mchana na usiku akizunguka mti uleule hadi shingo inatoka vidonda. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, ingawa ukipita mitaani huwezi kuijua. Mbwa aliyefungwa namna hiyo ndiye anayeng'ata siku mnyororo ukikatika. Kwa baridi letu mjengee banda la mabanzi lililoinuliwa kutoka ardhini, umtandikie maranda makavu. Huku kwetu maranda hayana bei. Watoto wafundishwe jambo ambalo binti wa kaka hakufundishwa na mtu: mbwa anayekula, anayelala au aliye na watoto wake haguswi, hata kama jana mlicheza naye.

Kwa wanaoishi nyumba za kupanga, vyumba sita uani pamoja na bomba moja, narudi kwenye hapana yangu na sitaibadilisha.

Sisi tuna ua wetu, lakini upande mmoja hatujamaliza uzio na jirani wa upande huo ni Muislamu anayeishika dini yake. Mbwa akilamba chombo chake inabidi kioshwe mara saba, mojawapo kwa udongo. Mume wangu ameliweka hilo mbele, na ana haki. Nilikwenda kuzungumza na jirani mwenyewe. Alinijibu kwa upole kwamba mbwa wa kulinda hana ugomvi naye, mradi asivuke. Kwa hiyo uzio kwanza, na mbao zake tumeshaanza kununua kidogo kidogo.

Sababu ya pili ya mume wangu ni kwamba Desemba tunakwenda kijijini kupanda, wote, na nyumba inabaki na kufuli. Anauliza mbwa ataachiwa nani. Nimemwambia jina la kwenye kadi litakuwa langu, kwa hiyo swali hilo ni langu pia. Jibu bado sina, na hadi nilipate, watoto hawajaambiwa kitu.