Asali ya Tabora katika kokteli ya shampeni

SWALI: Ndugu Mshauri, mwezi ujao wazazi wetu wanatimiza miaka 40 ya ndoa, nami nimeachiwa kazi ya kuandaa kinywaji cha kuwakaribisha wageni 24 hapa nyumbani. Nimechagua kokteli ya French 75, ila badala ya sukari ninatamani kutumia asali yetu. Nilipoijaribu, asali iliganda chini ya barafu, na jagi nililolichanganya mchana halikuwa na povu hata kidogo ilipofika jioni. Nilikosea wapi? Na je, Konyagi inaweza kushika nafasi ya jini?
Binti wa Kwanza, Isevya, Tabora

JIBU: Dada yangu, wape wazee hongera zetu. Kinywaji ulichokichagua kilipewa jina la mzinga wa Kifaransa wa milimita 75, uliotumika sana katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na kipimo chake cha kawaida kwa glasi moja ni mililita 30 za jini, 15 za maji ya limau, 15 za shira ya sukari na 60 za shampeni. Asali haiharibu mpango huo, kwa sababu jini, limau na asali tayari ni kokteli inayojulikana, iitwayo Bee's Knees, nawe unaiongezea mvinyo wa povu tu.

Asali yako iliganda kwa sababu ya baridi: ikikutana na barafu hukaza badala ya kuyeyuka, hata uitikise namna gani. Itengenezee shira kwanza, kikombe kimoja cha asali kwa kikombe kimoja cha maji ya moto yasiyochemka, ukoroge mpaka usione tena nyuzi nzito zikizunguka chini ya kijiko, kisha uiache ipoe kabisa kabla ya kuiweka kwenye friji. Chagua asali ya rangi nyepesi, maana ile nyeusi yenye harufu ya moshi, ambayo wengi wetu tunaipenda kwa mkate, huifunika jini yote. Ile ya nyuki wadogo usiiguse. Ina uchachu mzuri, lakini bei yake, na heshima yake nyumbani kama dawa ya kifua, haviruhusu kuichanganya na pombe.

Povu ni habari nyingine. Ni gesi iliyofungiwa ndani ya chupa kwa shinikizo ambalo, kwa shampeni, hufikia mara tano au sita ya lile la hewa ya kawaida, na kizibo kikishatoka gesi hiyo huondoka upesi zaidi mvinyo ukiwa wa vuguvugu au ukikorogwa, kwa hiyo jagi lililokaa tangu mchana katika joto la Tabora halikuwa na namna. Changanya mapema jini, limau lililokamuliwa siku hiyo hiyo na shira, uviweke kwenye friji. Wageni wakishaketi, tikisa kiasi cha glasi nne pamoja na barafu katika chombo chenye mfuniko, uchuje na kugawa, ndipo umimine mvinyo wa baridi taratibu huku umeinamisha glasi, kisha upitishe kijiko kirefu mara moja kutoka chini, kwa kuwa shira ni nzito. Mvinyo wenyewe usiutikise kamwe ndani ya chombo kilichofungwa, mfuniko utaruka.

Shampeni halisi hutoka eneo la Champagne nchini Ufaransa peke yake, na sioni sababu ya kuigharamia ili uitie limau. Prosecco ya Italia au mvinyo wa povu wa Afrika Kusini utafaa, mradi lebo iseme brut, yaani sukari iwe chini ya gramu 12 kwa lita. Ulioandikwa demi-sec una gramu 32 hadi 50, na ukiuongezea asali wageni watakunywa sharubati.

Konyagi inaweza, ingawa mimi ningenunua jini. Harufu ya jini hutoka kwenye matunda ya mreteni, na ndiyo inayosimama vizuri mbele ya asali. Konyagi, yenye kileo cha asilimia 35, ina ladha yake nyingine, hivyo onja glasi moja kabla ya kuamua.

Kwa wageni 24, glasi moja moja, chupa moja ya jini ya mililita 750 inatosha, pamoja na chupa mbili za mvinyo za ujazo huo, mililita 360 za maji ya limau na shira kiasi hicho hicho. Usiidharau glasi hiyo kwa udogo wake: ina takriban mililita 19 za kileo, wakati bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina 25. Wasiotumia kileo watengenezee shira na limau hivyo hivyo, umalizie kwa soda isiyo na sukari, na glasi zao ziwe kwenye sinia lao peke yake, kwa sababu kwa macho vinywaji hivi viwili ni vigumu kuvitofautisha.