Makabaila wa Uskoti: maswali yenu kuhusu nyumba ya Douglas

Tangu nilipoandika juu ya vita vya Bannockburn vya mwaka 1314, ambapo Waskoti waliwashinda Waingereza, maswali yamekuwa yakiingia, na mengi hayamhusu Mfalme Robert Bruce mwenyewe. Mnauliza juu ya wakubwa waliomzunguka: walitoka wapi, walipata wapi nguvu, na waliishia wapi. Nayapenda maswali hayo, kwa sababu historia ya Uskoti ya zama za kati haisomeki bila wao. Leo najibu machache.

Swali: Mfalme anawezaje kuvumilia watu wenye ngome na askari wao ndani ya nchi yake? Mbona hakuwanyang'anya mapema? (Msomaji, Dodoma)

Hakuwavumilia tu, aliwategemea. Mfalme wa Uskoti wa karne ya 14 hakuwa na jeshi la kudumu wala polisi, na makarani wake walikuwa wachache. Mtu akiuawa kule Galloway, kusini-magharibi, nani atamkamata muuaji? Ni bwana wa pale pale. Kwa hiyo mfalme alipogawa ardhi, mara nyingi aligawa na mamlaka. Kabaila aliyependelewa zaidi alipewa haki ya kusikiliza hata kesi za mauaji, uchomaji moto, ubakaji na unyang'anyi, ambazo kwa kawaida ni za mfalme. Kilichobaki kwa mfalme ni uhaini.

Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho, tazama ngome ya Threave, iliyojengwa na Archibald Douglas, aliyebandikwa jina la Archibald Mkali na kufariki mwaka 1400. Ni mnara wa ghorofa tano uliosimama kisiwani, katikati ya mto Dee. Chini kabisa kuna ghala, na hapo hapo shimo la wafungwa. Juu yake jiko, juu ya jiko ukumbi, juu ya ukumbi vyumba vya bwana, na kileleni nafasi ya walinzi. Juu ya mlango, nje, limechomoza jiwe. Masimulizi ya wenyeji yanasema hapo ndipo ilipofungwa kamba ya kunyongea, na kwamba bwana wa Threave alijisifu kuwa jiwe lake halikosi kishada, yaani mtu aliyenyongwa. Mkulima wa Galloway aliyekuwa na kesi alivuka maji akaingia humo. Kwake yeye serikali ilikuwa nyumba hiyo.

Swali: Klani za Uskoti na hizi familia za makabaila ni kitu kimoja? (Msomaji, Kampala)

Hapana, ingawa wakati mwingine zinagusana. Neno klani linatokana na neno la Kigaeli, *clann*, maana yake watoto, kama sisi tunavyosema "akina fulani". MacDonald ni mwana wa Donald, na nguvu za akina MacDonald zilikuwa visiwa vya magharibi na nyanda za juu. Akina Douglas walikuwa watu wa kusini, na jina lao ni la mahali: maana yake mto wa maji meusi. Stewart nalo ni jina la kazi. Mzee wao, Walter, aliajiriwa katika karne ya 12 kuwa msimamizi wa nyumba ya mfalme, cheo kikarithiwa, kikageuka jina, na mwaka 1371 mjukuu wa Bruce kwa upande wa binti yake akawa mfalme wa kwanza wa ukoo huo. Msimamizi wa nyumba akaishia kuwa mwenye nyumba.

Swali: Akina Douglas waliinukaje, ilhali zamani hawakuwa wakubwa? (Mwalimu wa Historia, Kisumu)

Mwalimu, jibu liko katika anguko la wengine. Kabla ya mwaka 1306 ukoo uliotisha kuliko wote ulikuwa wa Comyn. Tarehe 10 Februari mwaka huo Bruce alimuua John Comyn ndani ya kanisa la watawa mjini Dumfries, na wiki sita baadaye akatawazwa. Mwaka 1308 aliichoma nchi ya Buchan, ngome kuu ya Comyn kaskazini. Kisha Novemba 1314 bunge lilitangaza kwamba waliokataa kuingia katika amani ya mfalme, yaani kumtii, wamepoteza ardhi zao. Hebu fikiria ukubwa wa mali iliyobaki bila mwenyewe, na watu waliokuwa wakisubiri thawabu.

James Douglas alistahili kuliko wengi. Baba yake alifia katika gereza la Waingereza London, naye akaanza vita akiwa kijana asiye na kitu. Februari 1314, usiku wa kuamkia siku za Kwaresima, watu wake waliiendea ngome ya Roxburgh kwa kutambaa, wamejifunika majoho meusi. Simulizi la kale linasema walinzi juu ya ukuta waliona maumbo gizani, wakadhani ni ng'ombe walioachwa nje na mkulima mzembe, wakaendelea na sherehe zao. Ngazi za kamba zikatupwa, ngome ikaanguka.

Mwaka 1324 mfalme alimpa hati ya mamlaka juu ya mashamba yake, akamvisha na pete ya zumaridi kidoleni kuwa alama yake. Bruce alipofariki mwaka 1329, Douglas ndiye aliyebeba moyo wake kwenda kupigana na Waislamu wa Granada, akauawa Teba, Hispania, mwaka 1330. Moyo ulirudishwa, ukazikwa abasia (nyumba ya watawa) ya Melrose. Tangu hapo ngao ya akina Douglas ina moyo mwekundu, na kila aliyeiona alikumbushwa kwamba mfalme ana deni kwa nyumba hiyo.

Swali: Nimesikia vijana wawili wa Douglas waliletewa kichwa cha fahali mweusi mezani, kisha wakauawa. Ni kweli? (Msomaji, Muscat)

Mauaji ni ya kweli, kichwa cha fahali kiliongezwa na waandishi wa baadaye. Mwaka 1440 mkuu wa nyumba, William, alikuwa na umri wa miaka kama 16. Yeye na mdogo wake David walialikwa Edinburgh, ngomeni kwa Mfalme James wa Pili, mtoto wa miaka 10. Walishikwa, wakasomewa mashtaka ya uhaini, wakakatwa vichwa. Watu humlaumu Kansela Crichton, mmoja wa waliotawala kwa niaba ya mfalme mtoto, na ni haki. Lakini mimi hutazama nani alirithi: ni James Douglas, ndugu wa babu yao, ambaye hatujasikia alipiga kelele yoyote kudai haki ya watoto wale. Kisha mwanawe akamwoa dada yao, na sehemu kubwa ya mali ikarudi kuwa kitu kimoja.

Mwana huyo, William wa pili katika hadithi hii, alikuja kuwa na nguvu kupita kiasi. Alifunga mkataba wa kusaidiana na wakubwa wawili wa kaskazini, Crawford na Ross. Februari 1452 mfalme, sasa kijana wa miaka 21, alimwita katika ngome ya Stirling kwa hati ya usalama, yaani ahadi ya maandishi kwamba hatadhurika. Walikula pamoja. Mfalme akamtaka avunje mkataba, akakataa, na mfalme akamchoma kisu kwa mkono wake, watumishi wakamalizia.

Mwezi uliofuata ndugu wa marehemu aliingia Stirling na watu wake, wakaifunga ile hati ya usalama kwenye mkia wa farasi, wakaiburuza barabarani, kisha wakauchoma mji. Bunge la Juni liliamua kwamba marehemu alijiletea kifo mwenyewe. Nimesoma habari hii mara nyingi na bado inanikera: neno la mfalme lilikuwa kwenye karatasi ile.

Swali: Wanawake je? (Msomaji, Zanzibar)

Walikuwepo, na walilipa gharama. Ukoo wa Fife ndio uliokuwa na haki ya kumkalisha mfalme kwenye kiti. Mwaka 1306 kijana wa ukoo huo alikuwa mikononi mwa Waingereza, kwa hiyo Isabella wa Fife alikwenda Scone, mahali pa kutawazia wafalme, kumtawaza Bruce, ilhali mumewe alikuwa Comyn! Edward wa Kwanza wa Uingereza alipomkamata alimfungia katika kizimba ndani ya ngome ya Berwick, na alikaa humo miaka kama minne. Agnes wa Dunbar, yeye, mwaka 1338 aliilinda ngome ya mumewe asiyekuwepo kwa miezi mitano. Inasimuliwa kwamba kila jiwe la adui lilipogonga ukuta, wajakazi wake walitoka na vitambaa kupangusa vumbi, adui akiwatazama.

Swali: Nyumba ya Douglas iliishaje, na kuna cha kuona leo? (Msomaji, Toronto)

Mei 1455 ndugu watatu wa mkuu wao, yule aliyeuchoma mji wa Stirling, walipigana na watu wa mfalme huko Arkinholm, kusini mwa Uskoti, wakashindwa: mmoja akauawa vitani, mmoja akakamatwa na kuuawa, wa tatu akatoroka. Miongoni mwa waliowapiga walikuwamo akina Douglas wa tawi la pili, la Angus. Ilibaki Threave. Mfalme alileta mzinga mkubwa, lakini mwishowe walinzi walilipwa wakatoka. Mkuu mwenyewe alikimbilia Uingereza, akarudi kujaribu bahati mwaka 1484, akakamatwa, akamaliza siku zake abasia ya Lindores.

Mnara bado upo, bila paa. Unatembea kupitia mashamba hadi ukingo wa Dee, unapiga kengele iliyotundikwa hapo, na mwenye mashua anakuja kukuvusha. Ukifika mlangoni, inua macho ulitafute lile jiwe.